Kabla ya kumlipia mwanao mafunzo ya famasia na maabara

Swali: Mimi ni mama wa hapa Bombo. Binti yangu yuko S.3, yaani kidato cha tatu, na amekazana sana na sayansi. Wiki jana alirudi na karatasi ya tangazo: mafunzo ya vitendo ya famasia na maabara kwa wanafunzi wa sekondari, wiki tatu za likizo, shilingi laki nne na nusu, na mwishoni wanapewa cheti. Wanasema watoto watatoa damu, watapima malaria na watagawa dawa. Mdogo wangu ana duka la dawa, naye ananiambia nisitupe pesa, mtoto aende akakae dukani kwake bure. Nilipe, au aende kwa mjomba wake? Na kuna jambo jingine, binti mwenyewe akiona damu anaishiwa nguvu. (Mama Rukia)

Jibu: Mama Rukia, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama penye "watatoa damu" na "watagawa dawa". Aliyeandika tangazo aliyaweka maneno hayo mbele kwa sababu ndiyo yanayomwasha mtoto wa miaka kumi na mitano. Mimi ndiyo yanayonitia wasiwasi. Nilianza kazi maabara kabla sijasomea famasia, na nimepokea wanafunzi wengi wa likizo pande zote mbili. Kozi ya watoto wa sekondari huwa naipima kwanza kwa yale inayowakataza.

Sheria yenyewe iko wazi. Mfamasia husajiliwa na akawa chini ya Chama cha Wafamasia cha Uganda. Dispensa, yule anayegawa dawa, na mtu wa maabara husajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi. Jengo lenyewe, liwe famasia au duka la dawa, linapewa leseni na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ile NDA iliyoundwa kwa sheria ya 1993. Katika mnyororo huo mwanafunzi wa S.3 hana mahali pake isipokuwa pembeni, akitazama na kushika vile anavyoruhusiwa. Cheti cha wiki tatu kitapendeza ukutani sebuleni, lakini hakimruhusu kumuuzia mtu hata panadol. Wakikwambia kinamruhusu, rudi nyumbani na pesa zako.

Sasa tuje kwa mjomba. Simdharau, maana duka dogo la dawa ni shule nzuri kwa mambo fulani. Hapo mtoto atajifunza kupanga dawa kwa tarehe ya kuisha, ile inayoisha mapema ikae mbele hata kama imeingia dukani jana. Atajifunza kujaza kadi ya stoo, kusoma kipimajoto cha ukutani asubuhi na alasiri na kuandika alichokiona, na kutambua kwamba chumba chenye paa la mabati bila dari kinapika dawa kuanzia saa sita mchana. Hayo ndiyo famasia hasa, na ni bure. Ila leseni ya duka la dawa ni ya dawa za kundi C tu, zile zinazouzwa bila karatasi ya daktari, na wewe na mimi tunajua vinavyoombwa pale dirishani kila jioni. Hatari ninayoiona si mjomba kuwa mtu mbaya. Ni ile saa nane mchana anapomwambia, "Rukia, shika duka, nakula mara moja narudi." Ndani ya dakika hizo ishirini atakuja mama amebeba mtoto anayechemka homa, na binti yako ndiye atakayesimama mbele yake. Kama mjomba ataapa kwamba hilo halitatokea hata siku moja, mwache aende siku mbili tatu. Kama anacheka tu, usimpeleke.

Kozi ya kulipia inaweza kumpa kile ambacho duka haliwezi, yaani muda wa kukosea mahali ambapo kosa halimdhuru mtu. Kwa sababu hiyo nitakueleza ningefundisha nini mimi, ili ulinganishe na hiyo karatasi uliyonayo.

Siku ya kwanza ya famasia nisingemgusisha kidonge. Ningempa gunia dogo la maharage, sinia ya kuhesabia, kisu butu cha kusogezea na bahasha za dawa. Anahesabu matano matano, anayasogeza, anafunga, anaandika. Hapo kwenye kuandika ndipo kazi ilipo. Kila Mganda anaijua ile bahasha iliyoandikwa "1x3". Sisi tunaoandika tunamaanisha kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Siku moja nilimpa mama mmoja dawa ya siku saba, akarudi baada ya siku tatu na bahasha bado nzito mkononi. Nilipomuuliza akajibu kwa utulivu kabisa: "Mmeandika kimoja, siku tatu. Nimemaliza." Aliisoma vizuri kuliko nilivyoiandika. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu huandika bahasha, kisha anampa mtu mzima asiyehusika, mlinzi wa geti au mpishi, na yule anaeleza atameza vipi. Mpishi akikosea, anayerudia ni mwanafunzi.

Kisha naleta dozi ya malaria, ile ya artemeta na lumefantrini, vidonge vya 20/120, yaani miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini. Mtu mzima mwenye kilo 35 na zaidi anameza vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu, jumla 24. Wa kilo 15 hadi 24 anameza viwili viwili. Wengi huandika "4x2" wakaona wamemaliza. Lakini dozi ya pili inamezwa baada ya masaa manane tangu ya kwanza, si masaa kumi na mawili. Mgonjwa aliyeanza saa nane mchana anatakiwa ameze tena saa nne usiku, halafu ndipo asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Halafu dawa hiyo inataka chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana tumbo tupu linaipokea vibaya. Mwambie mtoto aandike yote hayo kwenye bahasha ndogo kwa maneno ambayo bibi yake ataelewa. Utamwona anaanza upya mara nne, anachora jua, anachora mwezi. Katika jioni hiyo moja atakuwa amejifunza zaidi ya kusimama wiki nzima nyuma ya kaunta.

Hesabu nazo huwa napenda zitoke nyumbani. Kila mmoja alete kijiko cha chai kutoka jikoni kwao. Tunakijaza maji, tunayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tunaandika ubaoni. Dawa ya maji huhesabiwa kwa kijiko cha mililita 5, na vijiko vya jikoni havijawahi kukubaliana nayo. Kimoja kinabeba pungufu, kingine kinazidi. Baada ya hapo nawapa swali: mtoto ana kilo 12, parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Ni miligramu 180, yaani mililita saba na nusu. Mwanafunzi aliyekuwa akilalamika kwamba uwiano hauna maana darasani hutulia ghafla. Swali jingine ni la JIK, ile dawa ya kuondoa madoa na kuua vijidudu. Ile ya dukani ina klorini asilimia 3.5, na damu iliyomwagika sakafuni inataka asilimia 0.5. Jibu ni kikombe kimoja cha JIK na vikombe sita vya maji, na wengi wao watasema saba kabla ya kufikiri vizuri.

Kuna jaribio moja la vidonge ambalo shule yoyote inaweza kulifanya kwa bika, ile glasi ya maabara, na kipimajoto. Maji ya nyuzi 37, joto la mwili, na kidonge cha kawaida kisicho na ganda. Kitabu cha viwango cha Uingereza kinakipa dakika 15 kiwe kimesambaratika. Shuleni huna mashine rasmi inayokipandisha na kukishusha majini, kwa hiyo jibu lako ni la darasani tu, lakini mtoto ataelewa kwa macho yake kwamba kidonge kinaweza kuwa na dawa ya kutosha ndani na bado kisimsaidie mtu kwa kuwa hakifunguki. Ukimwonyesha kingine chenye ganda la kuvumilia asidi ya tumbo, na ukamwambia kwa nini hakipaswi kusagwa, hatasahau.

Sasa maabara. Hapa ndipo waandaaji wengi huchemka, maana wazazi wanataka kuona picha za watoto wamevaa makoti meupe na glavu, wakichomana vidole. Sitaki mwanafunzi wa sekondari atoe damu ya mtu yeyote, hata ya rafiki yake aliyekubali. Sindano ikimchoma baada ya kugusa damu ya mwingine, hapo tunaanza kuzungumzia dawa za kuzuia VVU, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, na homa ya ini aina ya B. Tazama pia kadi yake ya chanjo. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto wachanga hapa Uganda mwaka 2002, kwa hiyo huenda alishaipata, lakini kumbukumbu ya mama si kadi.

"Sasa watajifunzaje bila damu?" Kwa maziwa ya bongo. Ndiyo, haya haya ya kugandishwa tunayokunywa. Chukua tone, lichanganye na maji, lisambaze kwenye slaidi, likauke, lipitishe juu ya moto mara mbili tatu. Halafu rangi ya zambarau dakika moja, osha. Ayodini dakika moja, osha. Spiriti sekunde chache tu, osha haraka. Safranini, osha, kausha. Chini ya hadubini, kwa lenzi ya mara 100 yenye mafuta, utaona vijiti na minyororo ya vijiduara vya zambarau. Ni bakteria waliogandisha maziwa, wasio na madhara, na njia uliyotumia ndiyo ile ile ya Gram ambayo hospitali hutumia kwa usaha na maji ya uti wa mgongo. Spiriti ikizidi sekunde chache, zambarau yote inaondoka na utatoa jibu la uongo. Nimewaona watoto wakigombania hadubini kwa ajili ya maziwa ya shilingi elfu moja.

Malaria watajifunza kwa slaidi zilizokwisha kutengenezwa, zisizo na jina la mgonjwa. Nikukiri kosa langu mwenyewe hapa. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa slaidi kumi, kila moja ina tone nene upande mmoja na tone lililotandazwa upande wa pili. Lile lililotandazwa huwekwa methanoli ili chembe zishike. Tone nene haliguswi na methanoli, maana tunataka chembe nyekundu zipasuke ndani ya rangi na kuwaacha vimelea peke yao. Mimi kwa kutaka kumaliza mapema nilizizamisha zote kumi mzima mzima. Matone manene yakabaki mekundu kama matofali, hakuna kilichoonekana. Mkufunzi wangu hakunifokea. Aliniambia nitoke nje, nikawaite wagonjwa kumi mmoja mmoja kwenye benchi na kuwaeleza kwa nini ninawachoma kidole mara ya pili. Wa saba alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Jambo la pili ambalo slaidi hufundisha ni subira. Mtoto huangalia maeneo kumi ya lenzi, haoni kitu, anaandika "hakuna malaria". Hapana. Tulifundishwa kutazama angalau maeneo 100 ya tone nene kabla ya kuthubutu kuandika hivyo. Mpe binti yako slaidi yenye vimelea vichache, umwambie ahesabu kwa sauti. Penye eneo la sitini hivi atachoka, na hapo utajua kama maabara inamfaa. Wapo watoto wenye alama za juu sana darasani ambao hawafiki arobaini. Kwao huwa nashauri kazi nyingine, na si aibu.

Na kuandika namba kwenye slaidi, kwa kalamu ya risasi, kabla ya tone kuwekwa! Nitalisema hadi nistaafu. Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe, katika taasisi iliyoanzishwa 1936 kuchunguza homa ya manjano na ambayo leo tunaiita UVRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, walikuwa wamewaweka nyani ndani ya vizimba juu ya miti katika msitu wa Zika, karibu na barabara ya Kampala na Entebbe. Mmoja akapata homa mwezi wa nne. Damu yake ikachukuliwa, ikapelekwa maabara, na kirusi kilichotoka humo hakikuwa cha homa ya manjano waliyokuwa wakiitafuta. Dunia nzima leo inakijua kwa jina la msitu wetu. Nyani yule hakuwa na jina, alikuwa na namba, 766, na namba hiyo imebaki kwenye vitabu hadi leo. Ukiwaambia watoto habari hiyo halafu ukawapa chupa ishirini zisizo na lebo wazipange, hakuna tena atakayekuuliza kwa nini tunapoteza nusu saa kuandika lebo.

Kuhusu masomo yake ya darasani, mafunzo kama haya yanaingia vizuri katika mtaala mpya wa O-level ulioanza 2020, ambao kundi lake la kwanza lilifanya UCE, mtihani wa kumaliza O-level, mwaka 2024. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi ya shuleni, na mwanafunzi anatakiwa kuwa na mradi wake. Ile ya vijiko vya jikoni au ya vidonge majini ni mradi kamili akiuandika vizuri. Mbele zaidi, akitaka digrii ya famasia Makerere au Mbarara, Kemia na Baiolojia za A-level ndizo zitakazombeba, na asiidharau Hisabati. Akipenda maabara, kuna njia ya diploma na ya digrii, na mtu wa diploma mwenye mkono safi haketi nyumbani muda mrefu.

Neno dogo kwa kuwa umeniandikia kwa Kiswahili: asiache kukitumia. Kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali wagonjwa wengi wametoka Kongo, na dispensa anayeweza kusema "meza baada ya kula, usiache hata ukijisikia nafuu" bila mkalimani ana thamani ambayo kitabu hakitoi.

Basi nenda kwa hao waandaaji, usipige simu, nenda. Uliza nani atakuwa na watoto chumbani kila saa, uone usajili wake wa mwaka huu. Uliza kila hadubini itatumiwa na watoto wangapi. Wakisema ishirini, binti yako atajifunza kupanga foleni. Uliza dawa za kufundishia ni zipi. Jibu zuri ni maboksi matupu na vidonge visivyo na dawa. Jibu baya ni dawa zilizokwisha muda kutoka kliniki ya mtu. Omba kuona kabati lenye kufuli la tramadoli, diazepamu na dawa za kikohozi zenye kodeini kama mafunzo yatakuwa ndani ya famasia halisi, kwa sababu vijana wanazijua kwa majina ya mtaani kuliko mimi. Uliza sanduku la sindano liko wapi, na likijaa linakwenda wapi. Mwisho uliza watoto wataona majibu ya wagonjwa au hapana. Bombo ni mji mdogo, na jibu la VVU la jirani halipaswi kufika mezani kwako wakati wa chakula cha jioni. Wakikasirika kwa maswali haya, umeshapata jibu. Wakikuonyesha vyote na wakakubali kufuta yale maneno ya kutoa damu na kugawa dawa, laki nne na nusu kwa wiki tatu si nyingi, na mjomba amlipie nauli.

Kuhusu kuishiwa nguvu, usimwambie ni woga. Mwili wa watu wengine ukiona damu hushusha mapigo na presha ghafla, ubongo unakosa damu kidogo, mtu anaanguka. Kwa kawaida wanaoangukia chini hujeruhiwa na sakafu, si na damu. Amwambie mkufunzi siku ya kwanza, bila kuficha. Akianza kusikia joto na masikio kuvuma, aketi au alale na kuinua miguu. Kama bado anajiweza, akaze misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde kumi hivi, aachie, arudie. Wengi huzoea taratibu, wakianza na slaidi iliyokauka kisha chupa iliyofungwa. Nami nilifanya kazi na mwenzangu aliyeanguka mara mbili katika mwezi wake wa kwanza. Leo anapima ubora wa vidonge kwa kemia, na damu pekee anayoiona ni pale anapojikata akikatakata vitunguu.